Unaijua Hell's Gate na Hujui Ruma? Keti Hapa Kidogo

Wiki iliyopita niliposti video ya sekunde arobaini. Niko juu ya baiskeli, shati imelowa, nyuma yangu ukuta wa Kanyamwa unashuka mpaka bonde la Lambwe, na kule chini nyasi kavu zimeenda, zimeenda, mpaka zikagota milima ya Gwassi. Sikuweka muziki. Unasikia upepo, halafu unasikia mimi nikihema kama ng'ombe wa kulimia.

Komenti ya kwanza: "Buda, nauli ilipotea?" Ya pili: "Hizi ni mambo za wazungu, wewe tafuta kazi." Ya tatu ndiyo imenifanya nikae chini niandike. Imeuliza: "Hapa ni Naivasha?"

Aliyeuliza namjua. Ni mtu wa Rongo.

Mtu wa Rongo, wasee. Kutoka Rongo mpaka Homa Bay ni lami, hata hujamaliza kula njugu zako kwa matatu umefika. Lakini anaona bonde lililo nyuma ya nyumba yao na anadhani ni Naivasha, kwa sababu kichwani mwake ukisema baiskeli na mbuga umesema Naivasha, na ukisema Homa Bay umesema samaki na siasa. Mimi simtukani. Ningemtukana ningekuwa najitukana mwenyewe, na sasa nitawaambia kwa nini.

Mwaka jana nilipanda basi usiku kutoka Migori mpaka Nairobi, nikalala kwa beshte yangu, kesho yake tukaenda Naivasha kushuti kontenti Hell's Gate. Nilikodi baiskeli pale karibu na lango. Kilima kimoja nilikishuka mara sita ili video itoke poa, pundamilia wakaniangalia mpaka wakachoka. Halafu nikaongea na kamera, kwa ile sauti yangu ya kutafuta wafuasi: "Fam, Kenya nzima hakuna mahali pengine unaweza kuendesha baiskeli ukiona wanyama hivi."

Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi mpaka leo. Na siku niliyosema hayo maneno, nikiwa na miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Suna, nilikuwa sijawahi kuingia Ruma hata mara moja.

Hell's Gate ni mahali fiti, sina ubaya nayo. Ni mbuga tangu 1984, na walifanya kitu kimoja cha akili sana: waliruhusu mtu wa kawaida aingie na baiskeli. Huhitaji Prado, huhitaji mjomba serikalini. Unakodi baiskeli, unanunua maji, unaingia. Ndiyo maana kila kijana wa Nairobi ana picha ya pale. Shida yangu ni sisi wa huku, tunaopanda basi usiku kucha kwenda kutafuta kitu tulichokiacha jikoni.

Na mimi sina kisingizio, kwa sababu nilikuwa nasomea utalii. Chuo fulani, miaka miwili, kabla karo initoe. Kwa hiyo miaka miwili nimechora ramani za Serengeti, nimeandika insha kuhusu milima ya huko Uswisi ambako watu wanalipa kupanda na baiskeli kwa treni. Ruma ilipewa mstari mmoja kwa kitabu. Mhadhiri aliusoma akaendelea.

Basi kwa wale ambao pia mlipewa mstari mmoja. Ruma iko ndani ya bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, kilomita 120 za mraba. Ilitengwa mwaka wa 1966 kama hifadhi ya wanyama, 1983 ikawa mbuga ya taifa. Ndani kuna twiga wa Rothschild, wale miguu yao chini ni myeupe kama wamevaa soksi za shule. Kuna vifaru, nyati, chui, nyamera, na taya, kaswala kadogo kanaruka kama kamekanyaga makaa. Kuanzia Aprili mpaka Septemba kuna mbayuwayu wa buluu wanaokuja kutoka kusini mwa Afrika, na ukiwa Kenya na unataka kuwaona, hapa ndipo watu wa ndege wanakuja. Sisi tulienda Februari kwa hivyo wao tuliwakosa.

Lakini mbuga ilitengwa hasa kwa ajili ya mnyama mmoja. Korongo. (Si yule ndege wa miguu mirefu, na si bonde la mto. Kiswahili kimelipa hilo neno kazi tatu na mshahara mmoja.) Huyu korongo ni swala mkubwa, karibu saizi ya farasi, pembe zimepinda nyuma, uso mweusi na mweupe kama amevaa barakoa, masikio marefu mpaka yanachekesha. Zamani Kenya ilikuwa nao sehemu kadhaa. Mara walikuwepo, wakaisha. Shimba Hills kule Kwale walipelekwa, wakaisha. Wamebaki Ruma, na hapo Ruma penyewe wanahesabiwa kwa makumi, si mamia. Ukitaka kumwona korongo wa Kenya akiwa porini, ni Lambwe ama ni picha.

Soma hiyo tena polepole halafu uniambie kwa nini tunaenda Naivasha.

Safari yenyewe ilikuwa siku nne, watu watatu. Mimi, fundi wa baiskeli wa hapa Migori mjini ambaye tumesoma naye primari, na dada mmoja nesi aliyekuwa kwa likizo na ana nguvu kutuzidi sote wawili tukiunganishwa. Baiskeli zetu zilikuwa za gia, mtumba, ile inayoshuka kwa kontena ikiwa bado na stika za duka la huko ilikotoka. Yangu gia ya tatu ilikuwa inaruka. Fundi alisema atairekebisha njiani. Mpaka leo inaruka.

Siku ya kwanza tulitoka Migori kabla jua halijachomoza, tukashika njia ya Macalder. Kule kuna migodi ya dhahabu, vijana wa umri wangu wanatoka shimoni wakiwa wa rangi ya udongo, na hao ndio watu pekee njia nzima ambao hawakutuuliza tumekosea nini. Walituuliza tuna maji ya kutosha. Jioni tulifika Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kutoka Migori mjini kama unaenda moja kwa moja, sisi tukiwa tumezunguka.

Thimlich pia nilikuwa sijawahi kufika. Nicheke au nilie? Ni kuta za mawe ya kupanga, zina urefu wa kumpita mtu mrefu mara mbili mahali pengine, hakuna simiti, hakuna matope ya kushikilia, jiwe juu ya jiwe tangu karne ya 16. UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Dunia nzima ikakubali, mimi na wewe tuko mjini tunabishana nani ana simu mpya. Fundi alizunguka ule ukuta kimya, akiugusagusa, halafu akasema, "Omera, hawa watu walikuwa na mafundi." Kwa yeye hiyo ndiyo sifa ya mwisho.

Tulilala kwa shangazi yake fundi, si mbali. Mama alituona tunaingia boma na baiskeli, akaweka sufuria chini. "Nyathina, mmefukuzwa?" Tulipomwambia tunatembea tu, kuona nchi, alinyamaza, akatuletea kuon na samaki wa kukausha, na akatupigia mfano wa mtu wa kijiji hicho aliyeanza kutembea hivyo hivyo na sasa haongei na watu.

Siku ya pili ndiyo iliyotuua na kutufufua. Kutoka pale unaelekea kaskazini upande wa Ndhiwa. Trekta za miwa zinapita zimejaza mpaka unaona dereva kama amebeba msitu, na watoto wanakimbia nyuma wakichomoa miwa. Sisi tukanufaika na hiyo biashara, sitasema zaidi. Halafu barabara inapanda, inapanda, jua saa sita, nesi yuko mbele anaimba, mimi nimeshuka nasukuma na nimeanza kuongea na Mungu. Na ghafla ardhi inaisha. Umesimama juu ya Kanyamwa. Lambwe yote iko chini ya miguu yako.

Hapo ndipo niliposhuti ile video. Ile ya "hapa ni Naivasha?"

Kushuka kule ni mawe yanayocheza, vumbi, na kona ambazo huzioni mpaka umezifikia. Breki zangu za nyuma zilianza kunuka. Sijawahi kuogopa hivyo, na sijawahi kupenda baiskeli hivyo. Kama wewe ni mtu wa kulipa pesa ili uogope, kwa mabembea ya mjini pale Nairobi, nakuambia Kanyamwa ni bure.

Kule chini kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuambia na mimi nakuambia sasa: usivae buluu. Fundi alikuwa na jezi ya buluu. Mbung'o wanapenda buluu na nyeusi, ndiyo maana utaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa kwa miti huko, ni mitego yao ina dawa. Fundi akawa mtego unaotembea. Alipigwa mpaka akavua jezi akavaa gunia la nesi la kubebea viazi. Tulicheka, lakini kwa watu wa Lambwe hao wadudu hawajawahi kuwa mzaha. Wanaua ng'ombe. Miaka ya 1980 malale yalilipuka hapo bondeni, watu wakaugua na wakafa. Ukizungumza na mzee wa Lambwe kuhusu mbuga, yeye haoni twiga. Anaona mahali ambapo nzi wanajificha.

Na hapa ndipo hii stori inaacha kuwa ya baiskeli.

Usiku wa pili tulilala kwa nera wangu, ndugu ya mamangu, boma lake liko karibu na ua wa mbuga. Nikiwa mtoto tulikuwa tunaenda kwake likizo ya Desemba. Nakumbuka nyama. Nyama kavu, ngumu kiasi, tamu, inaning'inia juu ya moto. Nilikuwa nauliza ni ya nini, naambiwa kula. Nikala. Miaka mingi.

Usiku huo, nikiwa na miaka yangu ishirini na tatu na akaunti yangu ya kuhifadhi mazingira na nini na nini, nilimuuliza tena. Akaniangalia. "Ni ya waya," akasema. Waya. Tanzi la waya linalowekwa kwa njia ya mnyama, anapita, linakaza. Halichagui. Linashika nyamera, linashika taya, linashika mtoto wa twiga. Na ndilo hilo hilo ambalo limekuwa likimmaliza korongo, mnyama ambaye akipotea hapa amepotea Kenya nzima.

Je, nimewahi kula korongo? Sijui. Nera pia hajui. Amesema nyama ikishakauka haina jina.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti ya kumtukana. Ngoja. Nilianza mimi, nikampa hotuba nzima, wa mwisho wamebaki, urithi wetu, yale maneno yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, halafu akasema: "Okewo, huyo mnyama akiwa ndani ya ua ni wa serikali. Sawa. Akiruka akala mahindi yangu, ni wa nani?"

Sikuwa na jibu. Najua kuna sheria ya wanyamapori ya 2013, najua ina mambo ya fidia, nilisoma chuoni. Nilipoitaja, nera alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza swali lingine, na hili ndilo ambalo nimelala nalo: "Wewe kesho unaingia mle ndani kwa lango, umelipa. Mimi nimekaa hapa miaka hamsini na kitu. Unajua nimeingia kwa lango mara ngapi?"

Hakuna hata moja. Watoto wake pia. Wanaona pundamilia kupitia waya wa ua kila asubuhi wakienda shule, na hawajawahi kusimama upande ule mwingine kama wageni, wakaonyeshwa, wakaambiwa huyu anaitwa nani na ni wa mwisho. Unataka mtu alinde kitu ambacho hajawahi kukaribishwa kukiona?

Mimi sisemi waya ni sawa. Waya ni ujinga, na nilimwambia nera hivyo hivyo, nikiwa kwa boma lake, nikila chakula chake. Renja na vijana wa vijiji wanatembea kwa miguu wakiokota hizo tanzi, na kila moja wanayookota ni mnyama mmoja amepona. Lakini wanaookota wakitoka Lambwe na wanaotega wakitoka Lambwe, swali linakuwa ni kitu gani kimemfanya kijana mmoja akae upande huu na mwingine upande ule. Mimi nadhani ni kitu rahisi sana. Mmoja anapata kitu kutoka kwa mnyama akiwa hai. Mwingine anapata tu akiwa amekufa.

Siku ya tatu tuliingia. Tulilipa kwa eCitizen mapema, na wewe fanya hivyo ukiwa bado una mtandao. Baiskeli tuliamua zibaki langoni, kwa sababu kuna vifaru na nyati na sisi si wehu, tukachanga pesa ya Probox ya jamaa mmoja wa pale na tukamwomba Mungu mvua isinyeshe, maana udongo wa Lambwe ni ule mweusi, ukilowa hata trekta inakaa chini. Renja mmoja alikubali kutuongoza. Jamaa alijua kila kichaka. Alituambia mahali pa kusimama na tukae kimya, tukasimama, tukakaa kimya, dakika ishirini, fundi akijikuna. Hakuna kitu. Tukaendelea. Saa kumi jioni, tukiwa tumeshakata tamaa na dereva ameshaanza kulalamikia mafuta, renja akagonga paa mara moja.

Walikuwa wawili. Mbali, kwa darubini ya renja. Mmoja akainua ile sura ya barakoa akatutazama, masikio yamesimama. Dakika mbili hivi. Wakaingia kwa nyasi.

Sikushuti. Ndiyo, mimi. Simu ilikuwa mkononi na nilisahau kuwa ni simu.

Ya nne ilikuwa lami, barabara ya Mbita kuelekea Homa Bay mjini, ziwa linaonekana na kupotea upande wa kushoto, na samaki mkubwa chini ya Got Asego ambaye tulimla watatu bila kuongea. Gharama yote kwa kila mtu, ukitoa tiketi ya mbuga, haikufika elfu nne.

Sasa nirudi kwa nyinyi wa komenti.

Wewe wa "nauli ilipotea". Baiskeli unaiona ya maskini kwa sababu babako aliendesha Black Mamba na wewe ukaona aibu ikija kukuchukua shule. Nakuelewa, mimi pia nilijificha. Lakini hii boda boda unayopanda kila siku ilianza na baiskeli pale Busia, watu wakibebwa kwa keria kutoka boda mpaka boda. Watu walijenga nyumba kwa pedali. Na unajua Chris Froome? Amezaliwa Nairobi 1985, akafundishwa kuendesha pale Kikuyu na David Kinjah, jamaa wetu wa rasta. Akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Kwa bendera ya Uingereza. Mtoto aliyekuwa anafukuzana na wenzake kwa njia za vumbi za Kikuyu, dunia ikamwona kabla yetu, kwa sababu sisi tulikuwa tunauliza kama nauli imepotea.

Na wewe wa "mambo za wazungu". Tangu 2021 kuna mashindano ya baiskeli ya siku nne kule Mara, Migration Gravel Race, na Mara ni jirani yetu kabisa hapa Migori. Kati ya waliokuwa mbele kuyasukuma kuna Wakenya na Waganda, na mmoja wao alikuwa Suleiman Kangangi, Sule, aliyeanguka na kufa kwa mashindano Vermont, Marekani, Agosti 2022. Aliamini barabara ya vumbi ya Afrika Mashariki ni uwanja, si umaskini. Huyo alikuwa mzungu wa wapi?

Lakini hiyo komenti ina ukweli ndani, na siutupi. Angalia kurasa za wanaouza safari za baiskeli kwa mbuga zetu. Bei imeandikwa kwa dola. Anayeendesha ni mgeni, anayebeba begi kwa gari la nyuma ni sisi, anayepika ni sisi, na kijiji kinachoonekana kwa picha kinapata nini? Kinapungiwa mkono. Sasa kama Ruma itafunguliwa kwa baiskeli siku moja kwa mtindo huo, nera wangu ataangalia wageni wakipita na kofia za elfu thelathini, atawapungia mkono, na usiku ataenda kuangalia waya wake. Na mimi sitakuwa na la kumwambia.

Ninachotaka ni hivi. Kaunti zangu mbili, Migori na Homa Bay, mna njia tayari. Migori, Thimlich, Kanyamwa, Lambwe, Homa Bay. Haihitaji lami na msije mkaweka lami. Inahitaji vibao, maji safi sehemu tatu nne, na orodha ya maboma yanayoweza kulaza watu kwa pesa iliyoandikwa kwa shilingi. Na KWS, mlichofanya Hell's Gate mnakijua. Ruma ina wanyama wakali zaidi, sawa, basi iwe asubuhi moja kwa wiki, kikundi, renja mbele, renja nyuma, kwa sehemu ile mnayoona inafaa. Na waongozaji wawe watoto wa Lambwe. Si "wapewe kipaumbele". Wawe wao. Kijana anayejua mnyama anapita wapi ili aweke tanzi ndiye huyo huyo anayejua mgeni asimame wapi ili amwone. Ujuzi ni uleule, mnamlipa nani?

Na shule zilizo kando ya ua, kila mtoto aingie kwa lango angalau mara moja kabla amalize primari, bila kulipa. Mkisema hakuna pesa, mimi nimeona magari yenu.

Na sisi wenye simu. Tuna tabia ya kwenda mahali ambapo picha imeshapigwa. Tunaenda kupiga ileile, kilima kilekile, mara sita, kama mimi. Tunaita kontenti. Korongo hana kilima cha kupigia picha, anakaa kwa nyasi ndefu na anakupa dakika mbili. Video yangu ya Ruma imetazamwa mara chache kuliko hata ile ya mimi nikijaribu kupika chapati. Sawa tu. Nitaweka nyingine, na nyingine, mpaka mtu wa Rongo aache kuniuliza Naivasha.

Mwezi wa nane tunarudi, shule zikifungwa, na safari hii mbayuwayu wa buluu watakuwepo. Tunatoka Migori mjini saa kumi na moja na nusu asubuhi. Baiskeli yoyote yenye breki mbili inatosha, tyubu ya spea ni yako, viazi tutabeba, jezi ya buluu acha nyumbani. Nafasi ziko kumi na mbili na nne kati ya hizo ni za vijana wa Lambwe, hizo hazigusiki.

Nera amesikia. Alinipigia jana usiku, akazunguka zunguka na habari za mvua na ng'ombe, mwishowe akauliza kama Black Mamba yake inaweza kufika langoni na sisi. Nimemwambia inaweza, lakini abadilishe breki za nyuma kwanza.